Mmetuita tutoe maoni, kisha mkatuacha mikononi mwa watukanaji

1/8
Wiki hii siandiki kuhusu homa ya mtoto wala uji wa miezi sita. Naandika kuhusu jambo lililonikaa kooni tangu mwaka jana. Nimeligawa vipande vinane usome ukinyonyesha, ukipika au ukingoja matatu.

Mwaka jana kaunti moja hapa Pwani (siitaji, wenyewe wanajijua) iliweka tangazo kwenye ukurasa wake wa Facebook. Ati mwananchi, toa maoni yako kuhusu mpango wa afya, sauti yako ni muhimu. Picha nzuri, nembo, mama mjamzito anacheka. Nikafurahi. Mimi ni nesi wa leba, nina mengi ya kusema, nikaingia nikaandika yangu. Halafu nikaanza kusoma ya wengine.

Kulikuwa na mama mmoja kutoka kijiji cha ndani. Aliandika mistari minne tu. Dispensari yao hufungwa saa kumi na moja jioni. Uchungu ulimshika saa sita usiku. Hakuna aliyejua namba ya ambulensi, akajifungulia kwenye tuktuk, njiani, mama mkwe akimshikia tochi ya simu. Sasa ombi lake lilikuwa hili: hiyo namba ya ambulensi ipakwe kwa rangi kwenye mlango wa dispensari, herufi kubwa, mtu akifika usiku akute namba hata kama hakuti mtu.

Jamani, nimekaa kwenye warsha za siku tatu, hoteli, chai na sambusa, na sijawahi kusikia wazo zuri kama hilo. Kopo moja la rangi. Brashi moja. Basi.

Unajua alijibiwa nini? Wa kwanza: "Baba wa mtoto alikuwa wapi?" Wa pili: "Mnazaa kama panya halafu mnataka serikali iwabebe." Wa tatu alichukua picha yake ya wasifu, akaiweka juu ya picha ya tuktuk, na maandishi ya kuchekesha. Wakacheka mamia. Ukurasa wenyewe haukusema neno. Asubuhi nilipotoka zamu nikarudi kutazama. Mama alikuwa ameshafuta maoni yake. Nafikiri alifuta na akaunti yote, manake nilimtafuta sikumpata.

2/8
Kuna watakaosema: ah, hayo ni matusi ya mtandao, yapo kila siku. Ngoja nikueleze kama nesi kilichotokea pale.

Ukija wadi ya uzazi siku yenye watu wengi utakuta kelele. Huyu analia, yule anamwita mamake, mwingine anaapa hatamzalia mume huyo tena. Nesi mgeni hukimbilia kwenye kelele. Nesi aliyekomaa hutazama kitanda ambacho hakitoi sauti. Yule aliyenyamaza, aliyesema tu kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu, huyo ndiye presha yake imepanda, huyo ndiye kifafa cha mimba kinamnyemelea. Ukimpita kwa sababu hakupiga kelele, unaweza kumpoteza.

Sasa tazama mahali pa maoni palipoachwa bila mtu wa kupasimamia. Mwenye ngozi ngumu anabaki. Mwenye muda wa kubishana siku nzima anabaki. Asiye na cha kupoteza anabaki. Anayeondoka ni nani? Ni msichana aliyebeba mimba akiwa shule. Ni mama aliyepoteza mtoto na bado hajaweza kulisema jambo hilo kwa sauti. Ni mke ambaye mumewe akiona jina lake likichezewa mtandaoni, ugomvi utahamia nyumbani. Hawa ndio mpango wa afya ya uzazi unawahusu. Wao ndio wenye habari. Na wao ndio wa kwanza kufuta.

Vijana wanawaita watu hawa matroli. Mimi nawaita wachokozi, kwa sababu kazi yao ni ile ya mtoto anayerushia jiwe kuku aliyeatamia: hamtaki kuku, hataki mayai, anataka kuona tu akikurupuka. Lakini mayai yanapoa vilevile.

Kwa hiyo msiniambie matusi yale yalikuwa kando ya zoezi la maoni. Yaliingia ndani ya zoezi lenyewe na kuamua ni maoni ya nani yatabaki. Ripoti ilipotoka niliisoma yote. Barabara zimo. Taa za mtaani zimo. Kiwanja cha mpira kimo. Kuhusu kujifungua usiku hakuna hata sentensi moja. Mtu akisoma ripoti hiyo atadhani mama za kaunti ile usiku wanalala salama.

3/8
Kabla hamjaniambia "basi rudini kwenye mabaraza", tuongee kuhusu mabaraza.

Katiba yetu ya 2010 haikutufanyia hisani. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na cha 196 kinaliambia hivyo bunge la kaunti. Ikaja Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, ikasema kaunti ziweke njia za watu kushiriki, na mikutano imo, na njia za teknolojia ya habari zimo vilevile. Kwa hiyo ukurasa ule wa maoni si zawadi ya mtu wa mawasiliano aliyeamka na wazo. Ni deni.

Sasa baraza. Baraza huitwa saa nne asubuhi siku ya kazi. Tangazo hubandikwa ofisi ya chifu au husomwa redioni wewe ukiwa kisimani. Ukifika umebeba mtoto, viti vya mbele vimeshakaliwa na wazee na vijana wa mheshimiwa. Kipaza sauti kinazunguka huko huko mbele. Mtoto akilia unatazamwa kama wewe ndiye kosa. Na hata ukipewa nafasi, utasimama mbele ya baba mkwe, imamu, mchungaji na mwalimu wa mwanao useme kwamba ulichanika ukajifungua bila ganzi? Utasema barabara ni mbovu, ukae chini.

Simu ilitufungulia mlango ambao baraza halikuwahi kutufungulia. Mama anaweza kuandika saa tisa usiku, mtoto yuko titini, nyumba imelala, bando la shilingi ishirini. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa. Mlango huu ndio wa kwanza unaotutosha sisi na watoto wetu mgongoni, na umeachwa bila bawabu.

4/8
Kama kuna anayedhani maoni ya mtandaoni ni porojo, akumbuke Juni 2024.

Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulikuwa na mengi. Mkate ungetozwa ushuru wa asilimia 16. Palikuwa pia na ada ya mazingira, na nepi za watoto zilikuwa kwenye orodha yake. Nepi! Mimi nilijua lini? Nilijua kwa sababu vijana waliuchukua mswada ule mrefu wa Kiingereza kizito, wakaukatakata, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, wakaueleza kwa video fupi. Mama aliyekuja kliniki kuchanja mtoto aliniuliza habari ya ada ya mazingira kabla mimi sijaisoma. Hicho ndicho kitu ambacho semina nyingi za elimu ya uraia huwa hazikifikii.

Tarehe 18 Juni kamati ya fedha ya Bunge ikaanza kurudi nyuma: ushuru wa mkate ukaondolewa, na ikasemwa bidhaa zinazotengenezwa hapa nchini, nepi na sodo zikiwemo, hazitatozwa ile ada. Tarehe 25 wabunge wakaupitisha mswada, vijana wakaingia Bungeni, na damu ikamwagika. Watoto wa watu walikufa. Tarehe 26 Rais akasema hatautia sahihi. Sisemi haya kwa furaha, kuna mama hadi leo wanalala na nguo za watoto wao kifuani. Nasema haya kwa sababu serikali iliona wazi kwamba watu wa mtandaoni ni watu.

Mwezi uliofuata, Julai 2024, majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema ile sheria ya bima mpya ya afya, hii tunayoiita SHA, ilipitishwa bila wananchi kushirikishwa vya kutosha. Baadaye Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo, na Oktoba mosi SHA ikaanza kazi. Mama wangapi walifika leba wiki zile wakiuliza "Linda Mama bado ipo?" na sisi wenyewe hatuna jibu la kunyooka? Huo ndio ushirikishwaji unapokosekana. Hauishii kwenye karatasi za mahakama. Unaishia kwa mwanamke mwenye uchungu dirishani, anatafuta kitambulisho kwenye pochi.

5/8
Sasa hawa wachokozi ni akina nani? Wengine ni vijana wasio na kazi, wana uchungu wao, wamepata mtu wa kumrushia. Hao nawaonea huruma kidogo. Lakini wapo wanaolipwa.

Hili si la kusikia vibarazani. Mwaka 2021 watafiti wawili Wakenya, Odanga Madung na Brian Obilo, walichapisha ripoti chini ya shirika la Mozilla. Walifuatilia kampeni za kupangwa kwenye Twitter wakati wa vuta nikuvute ya BBI. Waliwalenga nani? Wanaharakati na majaji. Walikuta akaunti zipatazo 3,700 zikishiriki, na watu waliohojiwa wakasema hulipwa dola 10 hadi 15 kwa kampeni moja. Kwa pesa za wakati ule ni kama shilingi elfu moja hadi elfu moja na mia sita. Mtu anapewa ujumbe, anapewa saa ya kuutuma, anasukuma mpaka jina la mlengwa linatajwa nchi nzima.

Fikiria vizuri. Jaji ana walinzi, ana mawakili, ana chama cha kumtetea. Mwanaharakati ana wenzake. Mbinu hizo hizo zikimshukia mama wa tuktuk ana nini? Ana simu yenye kioo kilichopasuka na mume ambaye bado hajajua.

Sina ushahidi kwamba waliomvamia mama yule walilipwa, na sitasema walilipwa. Ninachosema ni kwamba haijalishi. Mtu akikutilia mchanga kwenye maji ya kunywa, awe kalipwa au kafanya kwa utani, maji hayanyweki. Na mwenye mtungi ndiye anayeulizwa kwa nini hakuufunika.

6/8
Hapa ndipo pagumu, na nitajisema mwenyewe.

Siku ile ile, chini ya maoni yangu, mwanamke mwingine alinijibu hivi: "Nyamaza wewe nesi, nyinyi ndio mlinipiga makofi mapajani nikizaa, mkaniambia wakati wa raha hukulia." Rafiki zangu wakaniambia mripoti huyo, mchokozi. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Sikumripoti.

Kwa sababu huyo hakuwa mchokozi. Huyo alikuwa amekuja kutoa maoni. Yalitoka kwa ukali, yalinichoma, yalinifedhehesha mbele ya watu ninaowafahamu, lakini ni maoni. Kuna wenzetu hufanya hivyo, na nilishawahi kusimama pembeni nikasikia nisiseme kitu. Angefutwa yeye, ingefutwa habari ya maana kuliko zote zilizoandikwa siku ile kuhusu wadi zetu.

Kwa hiyo tupambanue. Mwenye hasira anataka kitu kitengenezwe. Mchokozi anataka wewe uondoke. Mwenye hasira ukimuuliza "ilikuwa lini, ilikuwaje, unataka kifanyike nini", atakueleza. Mchokozi ukimuuliza hivyo anahamia kwenye sura yako, kabila lako, dini yako, mtoto wako. Mwenye hasira analenga juu, kwa mwenye cheo na mshahara wa kodi yetu. Mchokozi mara nyingi analenga chini, kwa asiyeweza kujitetea.

Najua mstari huu haunyooki kila siku. Juni 2024 namba za wabunge zilisambazwa, watu wakaambiwa wawasalimie, na salamu zikafurika maelfu kwa maelfu. Zilikuwemo hoja, yakawemo na matusi ya nguoni. Mbunge aliyekosa usingizi kwa sababu wapiga kura wanamuuliza kuhusu mkate na nepi, mimi simlilii, hiyo ndiyo kazi aliyoiomba. Aliyetishiwa watoto wake, hapo nasema hapana, hata kama simpendi. Mtoto wa mbunge pia alizaliwa na mama.

Nawaambia haya mapema kwa sababu najua wakubwa watakavyofanya. Ukisema "tulindeni dhidi ya matusi", watasikia "tulindeni sisi wakubwa dhidi ya wananchi". Watafuta malalamiko waache vichekesho. Hatukuomba hivyo.

7/8
Nimeshapewa dawa nne za ugonjwa huu. Zote nimezikataa, nawaeleza kwa nini.

Ya kwanza: "Kaza roho, mtandao ndivyo ulivyo." Huu ni ushauri wa kumpa aliyeumwa na nyoka viatu vigumu na kumwacha nyoka ndani. Na roho ngumu haina uhusiano na wazo zuri. Aliyebuni rangi ya mlangoni hakuwa na roho ngumu. Alikuwa na akili.

Ya pili: "Kila mtu atumie jina lake kamili la kitambulisho." Nani ataumia? Mchokozi anayelipwa ataazima laini. Mimi nikisema dawa ya kuzuia damu kuvuja imeisha stoo, kwa jina kamili, kesho naitwa ofisini. Msichana akisema aliyempa mimba ni mwalimu, kwa jina kamili, kijiji kizima kinajua. Jina la kujificha ndilo stara ya wengi wetu.

Ya tatu: "Washitakiwe." Sheria ipo, ile ya makosa ya kompyuta ya 2018, kifungu cha 27 kinahusu unyanyasaji mtandaoni, faini hadi shilingi milioni 20 au jela hadi miaka 10. Anayetishia kuua au kubaka, naam, ashitakiwe. Lakini niambieni, katika nchi hii tunaona nani akishikwa mbio kwa alichoandika, aliyemcheka mama wa tuktuk au aliyemsema mkubwa? Mnajua jibu. Fimbo hiyo tukiishangilia sana itatua mgongoni mwetu.

Ya nne: "Fungeni maoni kabisa." Hii ndiyo wanaoipenda maofisa. Nyumba ikivuja, wahame wapangaji.

Dawa yenyewe iko kwenye namna mahali pa maoni panavyopangwa, na hii si ndoto yangu ya zamu ya usiku. Mwaka 2015 serikali ya Taiwan ilikuwa na ugomvi wa teksi na Uber, ugomvi ambao sisi pia tunaujua. Kwa kushirikiana na watu wa kujitolea wa vTaiwan, waliwauliza madereva, abiria na makampuni kupitia programu inayoitwa Pol.is. Mtu anaandika sentensi yake moja. Wengine wanabonyeza nakubali, sikubali, au napita. Kitufe cha kujibu hakipo. Basi! Huwezi kumrukia mtu, kwa sababu pa kurukia hapapo. Kama hukubali, andika sentensi yako nayo ipigiwe kura. Mwisho programu inaonyesha ni sentensi zipi zilizokubaliwa hata na makundi yanayopingana. Yale waliyokubaliana ndiyo yaliyopelekwa mezani na serikali ikayatumia kutunga kanuni.

Mngemwekea mama wa tuktuk mpangilio kama huo, sentensi yake "pakeni namba ya ambulensi mlangoni" ingepata nakubali ngapi? Ya kwangu ingekuwepo.

Lakini utulivu peke yake hautoshi. Iceland, mwaka 2011, baraza la watu 25 liliandika rasimu ya katiba likiiweka mtandaoni hatua kwa hatua, wananchi wakichangia hadi kwa Facebook. Kura ya maoni ya Oktoba 2012, kama thuluthi mbili ya waliopiga kura wakaiunga mkono. Bunge lao halikuipitisha. Watu wakasema vizuri, wakasikizwa vizuri, na rasimu ikawekwa kabatini. Kwa hiyo usalama wa kusema ni nusu. Nusu ya pili ni kujibiwa.

8/8
Haya, ninachodai. Nakiandika wazi ili mtu wa kaunti akisoma asijifanye hakuelewa.

Kwanza, ukiita watu watoe maoni, weka mtu wa kupasimamia, jina la cheo chake lijulikane, zamu ya usiku pia, kwa sababu mama huandika usiku. Sisi wadi hatuiachi bila mtu saa sita usiku tukasema wagonjwa watajisimamia.

Pili, weka njia ya siri. Namba ya kutuma ujumbe mfupi, bila kuonekana na wote, hata kwa simu ya kabambe isiyo na intaneti. Jina libaki kwa mtumaji.

Tatu, ondoa kitufe cha kujibizana kwenye maoni ya sera. Watu wapige kura ya nakubali au sikubali. Wanaotaka ubishi, mitandao imejaa kumbi.

Nne, andika sheria ya kufuta kabla hujafuta. Vitisho, picha za watu, matusi ya mwili, kabila na dini vinatoka. Ukali dhidi ya gavana, daktari au nesi unabaki, hata ukiuma. Na kila kilichofutwa kihesabiwe na idadi itangazwe, tujue mkono wenu unapita wapi.

Tano, jibu. Sheria ile ya kaunti ya 2012, kifungu cha 89, inawapa wajibu wa kujibu kwa haraka maombi ya wananchi. Toa orodha: wazo hili tumelichukua, hili hatukulichukua kwa sababu hii. Mama akiambiwa "hapana" kwa sababu ya bajeti ataelewa, yeye mwenyewe hupanga bajeti ya unga kila siku. Hataelewa kupuuzwa.

Sita, mabaraza yaendelee, lakini moja lifanyike kliniki siku ya chanjo. Kina mama wameshakuja, wameshakaa, wanangoja. Mtafuteni mama alipo.

Na sisi mama je? Tusiende mmoja mmoja kama kuku waliopotea. Andikeni kwenye kikundi chenu cha chama, mpeleke kwa jina la kikundi. Mwenzako akivamiwa usimjibu mvamizi, mjibu mwenzako: "Nimekusoma, mimi pia ilinikuta." Maneno hayo manne yangemzuia mama wa tuktuk asifute. Mimi niliyasoma maoni yake saa mbili usiku, nikasema moyoni wazo zuri, nikaingia zamu bila kumwandikia chochote. Hilo ni langu, nalibeba.

Sasa hapa chini. Andika vitu vitatu tu: tatizo, mahali, na unachotaka kifanyike. Usiyetaka kuonekana njoo inboksi. Mkali karibu, nesi anavumilia. Atakayemcheka mama wa mtu namtoa, na nitawaambia nimewatoa wangapi. Jumamosi nitayakusanya yote bila majina, niyapeleke ofisi ya afya ya kaunti yetu, wanigongee muhuri kwenye nakala yangu. Kisha nitarudi hapa kuwaambia nimejibiwa nini. Nisipojibiwa, nitarudi kuwaambia kwamba sikujibiwa, na tarehe.

Na wewe mama wa tuktuk, kama bado upo mahali unasoma kwa akaunti nyingine, wazo lako ndilo namba moja kwenye karatasi yangu. Mtoto sasa atakuwa anatembea. Mbusu.